Baiskeli badala ya gari kwa safari ya kilomita 8: faida yake hasa iko wapi?

mwendo_pole

Wakuu, salaam. Naomba mnisaidie kwa hesabu kamili. Safari ni kilomita 8 kwenda kazini na 8 kurudi, siku tano kwa wiki. Barabara ni ya lami, ina vilima viwili vidogo, na mzigo ni laptopu pamoja na nguo za kubadili. Kwa sasa safari hii inafanywa kwa gari la petroli.

Ninachotaka kujua: kuacha gari kunaokoa nini kwenye mafuta na kwenye gari lenyewe? Je, muda huo juu ya baiskeli unatosha kuhesabika kama mazoezi? Na ni kitu gani humshinda mtu mpaka anarudi kwenye gari baada ya wiki mbili? Baiskeli iliyopo ni ya kawaida, tairi za milimita 37, gia saba nyuma, breki za kubana rimu. Mpandaji ana kilo 75. Naomba kuwasilisha.

injini_baridi

Mkuu, nianze na gari, maana watu wengi huchukua wastani wa matumizi ya mafuta wakaishia hapo. Wanasahau kwamba kilomita 8 ndiyo safari inayolikuta gari katika hali yake mbaya kuliko zote: injini haijapata moto.

Petroli haigeuki mvuke vizuri inapogusa chuma cha baridi, kwa hiyo kompyuta ya injini hulazimika kumwaga mafuta mengi kuliko yanayoweza kuungua. Yanayobaki hutambaa kwenye kuta za silinda, yakapenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi kama maji. Kisafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi nacho hakianzi kazi mpaka kifike joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi za Selsiasi, ndiyo maana moshi wa dakika za mwanzo ni mchafu kuliko wote unaofuata.

Kisha kuna maji, na hili wengi hawalijui. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Safari ikiwa ndefu, maji hayo hutoka yote kama mvuke. Safari ikiwa fupi, bomba halipati joto la kutosha, maji yanabaki ndani, na sailensa inaoza kuanzia ndani huku nje ikionekana nzima. Betri pia inaumia, kwa sababu staata inachota umeme mwingi kwa mara moja na alteneta haipewi muda wa kuurudisha, hasa taa na feni zikiwa zinafanya kazi.

Hesabu yako sasa. Kilomita 16 kwa siku ni 80 kwa wiki. Kwa wiki 48 za kazi ni kilomita 3,840. Gari linalokunywa lita 10 kwa kilomita 100 mjini litatumia lita 384. Kila lita ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi, kwa hiyo unazungumzia kilo 880 hivi kwa mwaka. (Lita ya petroli ina uzito wa robo tatu za kilo tu. Uzito unaozidi ni oksijeni inayochotwa hewani wakati wa kuungua.) Na hesabu hii imelipendelea gari, kwa sababu sijaongeza mafuta ya ziada ya injini baridi.

Ila kuna jambo lazima ulijue mapema. Bima, ada za gari na kushuka kwa thamani yake vinaendelea hata likiwa limeegeshwa. Ukiliacha gari nyumbani unaokoa mafuta, oili, tairi, breki na maegesho. Akiba kubwa zaidi inapatikana pale familia yenye magari mawili inapobaki na moja. Na gari linalobaki lisisahaulike: mara moja kwa wiki au mbili liendeshwe dakika 30 mfululizo, maana kuliwasha likiwa limesimama kwa dakika tano ndiko kunakolijaza maji na mafuta mabichi niliyoyaeleza hapo juu.

pumzi_na_misuli

Naongezea upande wa afya. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2020 inamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kiasi, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito. Mwendo wa kilomita 16 kwa saa, ambao ni wa mtu asiye na haraka, utakumalizia kilomita 8 kwa dakika 30. Siku tatu tu kwa wiki, kwenda na kurudi, ni dakika 180. Umeshavuka kiwango bila kutenga saa nyingine ya mazoezi. Mtu wa kilo 75 huchoma kiasi cha kilokalori 250 kwa kila nusu saa ya mwendo huo.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow uliochapishwa 2017 katika jarida la BMJ, uliofuatilia watu zaidi ya 263,000 wa Uingereza kwa muda wa miaka mitano hivi. Waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa, kwa sababu yoyote ile, iliyo chini kwa asilimia 41 kuliko ya waliokwenda kwa gari au usafiri wa umma. Utafiti wa namna hii unaonyesha uhusiano, hauthibitishi kwamba baiskeli peke yake ndiyo sababu, ingawa watafiti walizingatia uvutaji sigara, uzito, chakula na mengineyo. Hata ukiipunguza takwimu hiyo nusu, bado ni faida ambayo ni vidonge vichache tu vinavyoweza kuitoa.

Kitu ambacho baiskeli haikupi ni uimara wa mifupa. Umekaa, uzito wako umebebwa na kiti, kwa hiyo mifupa haipati mshindo kama wa kutembea au kukimbia. Miongozo hiyohiyo inataka mazoezi ya nguvu ya misuli angalau siku mbili kwa wiki. Kuchuchumaa na kusimama, pushapu na kupanda ngazi vinaziba pengo hilo.

Ukiwa na tatizo la moyo, kizunguzungu au maumivu ya kifua, muone daktari kabla ya kuanza.

Fundi Spoki

Swali la tatu ndilo langu. Wanaoanza na wakaacha, wengi hawashindwi na umbali. Wanashindwa na baiskeli ambayo haijarekebishwa: kiti kiko chini, tairi zina hewa nusu, mnyororo umekauka. Baiskeli ya hivyo inachosha mara mbili, na mtu anadhani mwili wake ndio mbovu.

KITI. Egemea ukuta, kaa juu ya kiti, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke, nyonga zisiiname upande. Ukihamisha mguu na kukanyaga kwa sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya vidole, ambako ndiko unakotakiwa kukanyaga kila siku, goti litabaki limekunjika kidogo, nyuzi 25 hadi 35. Hapo ni sawa. Baada ya hapo badilisha milimita 5 tu kwa mara moja, uiendeshe siku mbili tatu kabla ya kubadilisha tena. Goti likiuma mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma nyuma, kiko juu mno. Viganja vikifa ganzi, angalia kama pua ya kiti imeinama, kwa sababu unateleza mbele na mikono inabeba kiwiliwili. Na kwenye nguzo ya kiti kuna mstari wa mwisho wa kuvuta. Mstari huo usionekane kamwe nje ya fremu. Ukionekana, nguzo imeshika kwa sehemu ndogo na inaweza kuipasua fremu.

HEWA. Kwa tairi zako za milimita 37 na kilo 75 pamoja na mzigo, weka psi 55 hadi 60 nyuma na psi 50 mbele, mradi usitoke nje ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Pima kila wiki kwa pampu yenye geji. Kubonyeza kwa dole gumba hakutoshi, kwani tairi ya psi 35 na ya psi 55 kidole kinaona zote ngumu. Tyubu nzima kabisa bado huvuja polepole kupitia mpira wenyewe.

MNYORORO. Futa kwa kitambaa kikavu, weka tone moja la oili ya mnyororo juu ya kila rola, zungusha pedali nyuma mizunguko kama 20, subiri dakika kadhaa, kisha futa tena nje mpaka kitambaa kisichukue kitu. Watu hukosea hapa kwa kuacha mnyororo unang'aa mafuta. Oili ya nje hailainishi chochote. Kazi inafanyika ndani, kati ya pini na rola. Ya nje inakusanya mchanga, na mchanga ukichanganyika na oili unakuwa msasa unaosaga meno ya gia. Rudia kila kilomita 150 hadi 200, au kila baada ya mvua. Kwa safari yako ni kila wiki mbili.

Pima uchakavu kwa rula. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 24 inayofuata, mnyororo mpya una milimita 304.8. Ukifika kwenye 306.5, nunua mwingine. Ukisubiri mpaka 308, gia za nyuma zimeshaliwa, na mnyororo mpya ukiuweka juu yake utaruka meno kila ukikanyaga kwa nguvu. Mnyororo ni bei ndogo kuliko gia zote za nyuma, kwa hiyo usichelewe.

BREKI. Ukibana hendeli ya breki, isigonge mshikio. Ibaki nafasi ya vidole viwili. Mpira ugonge rimu pekee. Ukigusa tairi utaitoboa ubavuni, na ukishuka chini ya rimu unaweza kunasa kwenye spoki. Mifereji ya mpira ikifutika, badilisha.

Jambo la mwisho kwa leo: siku ukifungua pedali, ile ya kushoto ina uzi wa kinyume. Inafunguka kuelekea kulia. Mikono mingi ya pedali imekufa kwa kulazimishwa upande usio wake.

mwendo_pole

Asanteni sana. Fundi, hapo kwenye mnyororo umenifungua macho. Maswali mawili yamebaki. Pancha njiani asubuhi inarekebishwaje kwa uhakika? Maana viraka vingi hubanduka siku ya pili. Na jasho linadhibitiwaje?

Fundi Spoki

Njiani usibandike kiraka. Beba tyubu ya akiba, vijiko viwili vya kutolea tairi na pampu ndogo. Ile iliyotoboka irudi nyumbani ibandikwe kwa utulivu. Lakini kabla hujaingiza tyubu mpya, tafuta kilichotoboa, la sivyo utatoboka tena ndani ya mita mia. Pitisha kitambaa taratibu ndani ya tairi, mzunguko mzima. Kitambaa kitanasa kwenye mwiba au kijiwaya kabla kidole chako hakijachanika. Vijiwaya vyembamba kama unywele havionekani kwa macho. Bonyeza tairi kwa nje mahali kitambaa kiliponasa na ncha itajitokeza.

Tundu lenyewe linakueleza chanzo. Moja upande wa nje wa tyubu: kitu cha barabarani. Mawili yaliyo sambamba kama meno ya nyoka: hewa ilikuwa ndogo, tyubu ikabanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo. Tundu upande wa ndani, unaotazama spoki: utepe wa rimu umesogea, na kichwa cha spoki ndicho kinachochoma.

Kuhusu kubanduka: sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka mpaka mng'ao wa mpira uishe. Paka solusheni nyembamba, ivuke kiraka pande zote. Kisha SUBIRI dakika tano. Ikigeuka kuwa hafifu, isiyong'aa, na isinate sana kidoleni, ndipo ubandike na kukandamiza kuanzia katikati kwenda pembeni. Solusheni si gundi ya kunata ikiwa mbichi. Kimiminika chake lazima kiruke kwanza ndipo mpira na kiraka viungane. Kiraka kilichobandikwa kibichi kinashika siku moja, joto la barabara likikipata kinaachia.

pumzi_na_misuli

Jasho. Mkoba wa mgongoni ndio mchochezi mkubwa, kwa sababu unaziba eneo pana la mwili lisipate hewa. Hamishia laptopu na nguo kwenye keria ya nyuma, kwenye begi la pembeni. Laptopu izungushiwe nguo, isigusane moja kwa moja na vyuma vya keria.

Panda vilima kwa gia nyepesi, miguu ikizunguka mara 70 hadi 80 kwa dakika, hata kama unaona unakwenda polepole. Gia nzito kilimani inapandisha joto la mwili haraka na kuyatesa magoti. Kilomita moja ya mwisho ishuke mwendo kabisa. Ukifika, kaa dakika kumi ukiwa na nguo zilezile za safari, ndipo ujifute na kubadili. Anayevaa shati safi mara tu anapofika hulilowanisha, kwani jasho huendelea kutoka dakika kadhaa baada ya mwili kusimama.

njia_ya_pembeni

Wadau wamegusa mengi ila njia yenyewe haijatajwa, na mimi naiona ndiyo inayoamua kama mtu ataendelea au ataacha. Njia uliyoizoea ukiwa na gari mara nyingi siyo njia ya baiskeli. Tafuta barabara ya mitaa inayokwenda sambamba na barabara kuu. Kilomita 9 zenye utulivu ni bora kuliko 8 za kusongwa na malori. Ijaribu siku isiyo ya kazi, pima muda, ongeza dakika kumi.

Ukipita kando ya magari yaliyoegeshwa, acha nafasi ya mita moja na zaidi, ile ya mlango kufunguka. Madereva hufungua bila kutazama nyuma, na ukiwa umebana karibu huna pa kukimbilia zaidi ya kuingia barabarani ghafla. Kwenye makutano usijipenyeze kati ya lori na ukingo wa barabara, hata kama limesimama na nafasi inaonekana ya kutosha. Lori likikata kona, magurudumu yake ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Yanapita ndani zaidi, kuelekea ukingo uliposimama wewe, na dereva hakuoni. Subiri nyuma yake, mahali unapoona kioo chake cha pembeni na uso wake ndani ya kioo hicho. Usipouona uso wake, naye hakuoni.

Usiku na alfajiri: taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Utepe wa kuakisi mwanga ufunge kwenye vifundo vya miguu, siyo kifuani tu. Miguu inayopanda na kushuka inamjulisha dereva mara moja kwamba mbele yake kuna mtu anayekanyaga pedali.

Mvua ikinyesha, rimu zilizolowa hazishiki mara ya kwanza. Gusa breki kidogo mapema ili mpira ufute maji, kisha ndio ubane. Mistari ya rangi barabarani na mifuniko ya chuma huteleza, ipite ukiwa umenyooka bila kukata kona wala kubana breki. Reli ikatize kwa pembe karibu na mraba. Ukiikatiza kwa mshazari gurudumu linaingia kwenye mfereji na unaanguka papo hapo.

Breki ya mbele isikutishe. Unaposimama uzito mwingi unahamia mbele, kwa hiyo ndiyo inayokusimamisha kweli, ilhali ya nyuma ikibanwa peke yake gurudumu linaburuzika. Bana zote mbili, ya mbele ikiongezeka taratibu, na rudisha makalio nyuma kidogo.

wati_saa

Kwa anayesoma hapa na safari yake ni kilomita 15 au ina vilima virefu, fikiria baiskeli yenye mota. Katika Umoja wa Ulaya, ile inayohesabika kisheria kama baiskeli ni ya mota ya wati 250 inayosaidia ukiwa unakanyaga, na msaada unakoma kwenye kilomita 25 kwa saa. Inakula kama wati-saa 8 hadi 15 kwa kilomita moja, kwa hiyo betri ya wati-saa 500 inakupa kilomita 33 hivi hata kwa mtumiaji mzito. Kwa kulinganisha, nishati iliyomo ndani ya lita moja ya petroli ni karibu wati-saa 9,000.

Tumia chaja yake yenyewe. Betri iliyoanguka au iliyovimba usiichaji tena. Isipotumika wiki kadhaa, iache na chaji ya karibu nusu, mahali pasipo na joto kali.

mwendo_pole

Nimewapata wakuu. Njia ya pembeni ipo, inaongeza kilomita moja na nusu na haina malori. Ninaanza na siku tatu kwa wiki. Fundi, swali dogo: ni nini cha kukagua kila asubuhi kabla ya kutoka, bila kupoteza muda?

Fundi Spoki

Nusu dakika inatosha. Bonyeza tairi zote mbili kuhakikisha hakuna iliyolala usiku. Bana breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele. Gurudumu la nyuma linapaswa kunyanyuka. Bana ya nyuma na usukume tena. Gurudumu liburuzike bila kuzunguka. Inyanyue sentimita tano na uiachie idunde chini, usikilize. Kinacholia kimelegea, mara nyingi ni skrubu ya keria au ya madigadi, na hiyo ikidondoka njiani madigadi huingia kwenye spoki. Beba spana yake kwenye begi.

Na siku tatu kwa kuanzia ni sawa. Baada ya kilomita 100 za mwanzo kaza tena skrubu za keria, nguzo ya kiti na mikono ya pedali. Mikono ya pedali hasa ya kushoto: ikilegea ukaendelea kuikanyaga, tundu lake la mraba linapanuka na hakuna kukaza kutakakoiponya.